Kuoa na Kufunga Ndoa: Habari za Ubishi wa Kimya katika Nchi ya Wapimbwe

Mwalimu afundishaye watoto wa Komunyo ya Kwanza katika vijiji vya Majimoto, huku bondeni mwa Rukwa, hupata siku moja swali ambalo katekisimu haikumwandalia jibu. Sisi tuliulizwa na mtoto wa kike, umri wake miaka tisa au kumi: “Mwalimu, Jumapili mimi nitapokea. Mbona mama hapokei? Yeye ndiye aliyenifundisha kusali.” Mama yule twamjua. Hufagia kanisa, huongoza rozari katika jumuiya, na wakati wa mavuno hutoa zaka yake bila kukumbushwa. Amekaa na mumewe miaka kumi na mitatu, mahari imetolewa, watoto ni wanne. Lakini hawajafunga ndoa kanisani. Basi saa ya Komunyo hubaki kwenye benchi, amepakata mtoto wa jirani ili jirani apate kwenda altareni. Siku ile hatukumjibu mtoto vema. Twaandika haya ili tulipe deni lile, tukidhani kwamba waalimu wenzetu na mapadre wetu wamekwisha kuulizwa vivyo hivyo.

Wengi husema kwamba watu hawa hawajali sheria ya Kanisa, au kwamba hawakufundishwa. Sisi twaona sivyo. Wamefundishwa, na wanajali. Mtu asiyejali hawezi kukaa kwenye benchi miaka kumi na mitatu. Ila kuna neno wasilokubaliana nalo, na ubishi wao hawausemi barazani wala hawauandiki. Umehifadhiwa katika lugha yenyewe, na atakaye kuujua na asikilize wasemavyo.

Muulize mwanamume wa hapa, “Una mke?” Atajibu, “Ninaye.” Muulize tena, “Mmefunga ndoa?” Atajibu, “Bado.” Mgeni atadhani mtu huyu anajipinga. La, hajipingi. Kwake yeye kuoa ni jambo moja na kufunga ndoa ni jambo jingine. Amekwisha kuoa; kufunga ndoa kunangoja. Na neno “bado” si sawa na “hapana”. Mwenye kusema bado hajakataa.

Tazama tena jinsi maneno haya yalivyoachana njia. Neno ndoa limezaliwa na kitenzi kuoa, kama ndoto ilivyozaliwa na kuota. Kwa asili yake, ndoa ni tunda la kuoa: aliyeoa ana ndoa. Lakini katika masikio ya Wakristo neno hili limehamia kanisani, hata tukisema kwamba fulani na fulani “wanaishi bila ndoa”, tunawasema watu waliooana mbele ya ukoo mzima. Mtoto amekimbia nyumba ya mzazi wake. Na kitenzi tulichokiambatanisha nalo ni kufunga: twafunga mzigo, twafunga mlango, twafunga Kwaresima, na mwizi hufungwa gerezani. Katika neno hilo Kanisa lasikia fundo lisilofunguka, ambalo ni ahadi tukufu. Mwanamke aliyemwona dada yake akipigwa husikia mlango.

Na tuangalie jinsi mambo yalivyoanza. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alijenga kituo Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kwa ajili ya Shirika la Kimataifa la Afrika lililoasisiwa na Mfalme Leopold II. Mwaka 1885 kituo kile kilitiwa mikononi mwa Wamisionari wa Afrika, tuwaitao Mapadre Weupe, shirika la Kardinali Lavigerie. Wakristo wengi wa kwanza walikuwa watoto na watu waliokombolewa utumwani. Mmoja wa watumishi wa misioni ile alikuwa Adriano Atiman, mzaliwa wa pande za Timbuktu, ambaye naye alikombolewa utumwani, akasomeshwa uganga Malta, akafika Karema mwaka 1889, akawatibu na kuwafundisha watu hata kufa kwake mwaka 1956.

Basi fikirini: mateka aliyeletwa kutoka mbali hakuwa na mjomba wala shangazi wa kuketi barazani kumnenea. Padre alikuwa kama baba wa bwana na kama baba wa bibi. Yeye ndiye aliyewapa shamba, na yeye ndiye aliyewabariki. Kwa watu wale, siku ya altare ilikuwa kuoa kote, mwanzo na mwisho. Sheria ya Kanisa haikukuta sheria nyingine mlangoni. Kwa hiyo twaona kwamba desturi ya kuihesabu ndoa kuwa kazi ya siku moja ilikaa kwa amani katika kijiji cha watu wasio na ndugu.

Lakini Injili ilipowaendea Wabende, Wafipa, Wapimbwe na wenzao, ilikuta watu wenye ndugu. Kwa watu hawa kuoa si siku, bali ni safari. Kuna mshenga na posa. Kuna mahari, au kuwatumikia wakwe kwa jembe. Kuna kumleta mke nyumbani. Kuna mtoto wa kwanza, ambaye kwa kuzaliwa kwake koo mbili huanza kuitana kwa majina ya udugu. Katika safari hiyo hakuna saa moja ambayo mzee angeweza kuinyoshea kidole akasema, “Hapo ndipo walipokuwa mume na mke, dakika moja kabla hawakuwa.” Kanisa huuliza swali hilo hasa. Lataka kujua saa.

Siku hizi safari imekuwa ndefu zaidi. Wasukuma wamehamia bonde hili na ng'ombe wao, na mahari ya ng'ombe hailipwi kwa msimu mmoja. Mzazi asema, “Harusi ya kanisani baada ya mahari kwisha.” Kijana asema, “Harusi bila karamu ni aibu.” Padre asema, “Njoni hata leo, hata bila karamu.” Wote watatu wasema kweli yao, na miaka inapita.

Mtu aweza kudhani kwamba Kanisa limeshika desturi yake ya sasa tangu Mitume. Waalimu na wajue kwamba sivyo. Hata mwaka 1563, waume na wake wa Ulaya waliokubaliana wao kwa wao, bila padre na bila shahidi, walihesabiwa kuwa wameoana kweli, ingawa Kanisa lilikataza kufanya hivyo kwa siri. Mtaguso wa Trento ndio ulioamuru mwaka huo kwamba ndoa isifungwe ila mbele ya paroko na mashahidi. Sababu yake ilikuwa huruma: wanaume walikuwa wakioa kwa siri, kisha wakikana na kuoa tena hadharani, na mwanamke wa kwanza alikuwa hana ushahidi. Amri ile haikutangazwa kila mahali. Ndipo mwaka 1908 agizo la Papa Pius X likaieneza karibu ulimwenguni kote kwa Wakatoliki.

Tena sheria hiyo iliachiwa mlango. Kitabu cha Sheria za Kanisa cha mwaka 1917, na kile cha mwaka 1983 pia, vyasema kwamba ikiwa padre hawezi kupatikana bila taabu kubwa, na yaonekana hali hiyo itadumu mwezi mzima, watu wawili waweza kufunga ndoa ya kweli mbele ya mashahidi wawili tu. Na kitabu cha mwaka 1983 chamruhusu askofu, kwa kibali, kumweka mlei asimamie ndoa mahali pasipo padre wala shemasi. Twauliza bila kumlaumu mtu: ni katika vigango vingapi vya mbali watu wameambiwa habari ya mlango huu?

Roma ilijua tangu zamani pia kwamba kuna ndoa zisizoingia katika kipimo kimoja. Mwaka 1537 Papa Paulo III alimruhusu mume wa wake wengi abatizwapo, asipokumbuka ni yupi aliyemwoa kwanza, achague mmoja wao. Mwaka 1571 Papa Pius V alimruhusu abaki na yule abatizwaye pamoja naye. Hayo yalisaidia wanaume kuingia kundini. Wanawake walioachwa wakapewa nini? Hilo mama zetu wameliuliza tangu misioni ya kwanza, na ni haki yao kuuliza.

Serikali nayo ilifuata njia yake. Baada ya mapendekezo ya mwaka 1969 yaliyojadiliwa sana, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilisema kwamba mume na mke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana na watu kuwa mume na mke, hudhaniwa kuwa wameoana kihalali mpaka ithibitike vingine. Sheria hiyo hiyo yakataza ndoa ya Wakristo wawili iliyofungwa kanisani isigeuzwe kuwa ya wake wengi, maadamu wote wawili wanashika Ukristo. Kwa hiyo mama yule wa benchini ni mke kwa ukoo wake, na mbele ya hakimu hudhaniwa kuwa mke. Mbele ya altare tu hana jina.

Tumesema habari ya mlango wa kuingilia ndoa. Lakini yatupasa kuwa wakweli: ubishi hauishii hapo. Kuna mlango wa kutokea. Katika kijiji cha Mirumba, katika Upimbwe hii hii, mtaalamu Monique Borgerhoff Mulder alifanya uchunguzi tangu mwaka 1995, na katika makala yake ya mwaka 2009 alionyesha kwamba wanaume kwa wanawake huoana na kuachana kwa wepesi, na wengi zaidi ya mara moja. Alionyesha pia, kwa hesabu ya watoto waliosalimika, kwamba wanawake walifaidika na kubadili mume kuliko wanaume walivyofaidika na kubadili mke. Maneno haya ni mazito kwa mhubiri. Mwanamke amwachaye mume asiyelima wala kuleta chakula, mara nyingi hakimbilii anasa. Anatafuta mahali watoto wake watakapokula.

Hapa ndipo twapaswa kupambanua, kwa maana watu wengi, hata waalimu, huchanganya mambo mawili. Namna ya kufunga ndoa, yaani padre, mashahidi na kitabu, ni sheria ya Kanisa. Ina mwaka wake wa kuzaliwa, ina vibali vyake, na wenye mamlaka wanaweza kuirekebisha. Kutotengana kwa waliounganishwa na Mungu ni neno la Kristo mwenyewe, na hakuna askofu awezaye kulifuta. Wapimbwe waliokuja kutuuliza habari ya kwanza tuliwajibu kama wamepinga ya pili. Tuliwaita wazinzi watu ambao kosa lao lilikuwa kuchelewa. Na kwa kuwa tuliwaita hivyo, wale waliokuwa na swali la pili, swali zito la ndoa iliyovunjika kwa mateso, hawakuja kabisa.

Wataalamu wa Kanisa walikwisha kuona jambo hili. Mwaka 1977 Benezeri Kisembo wa Uganda, Laurenti Magesa wa Tanzania na Aylward Shorter, Padre Mweupe, walitoa kitabu juu ya ndoa ya Kikristo katika Afrika, wakieleza kwamba kuoana kwa Waafrika hukua kwa hatua. Kabla ya sinodi ya mwaka 2014 juu ya familia, Roma ilituma maswali 39 ulimwenguni kote. Mwaka 2015 Papa Fransisko aliifupisha njia ya mahakama za Kanisa ya kuchunguza kama ndoa ilikuwa batili tangu mwanzo, akaondoa ulazima wa hukumu ya pili ya kuthibitisha. Na katika waraka wake wa mwaka 2016 alikiri kwamba katika nchi nyingine watu hukaa pamoja bila kufunga ndoa si kwa kuidharau ndoa tu, bali zaidi kwa sababu gharama za sherehe huwashinda. Msomaji wa Majimoto akisoma hayo hahitaji mfasiri.

Je, basi, mwalimu afanye nini? Hatuna mamlaka ya kubadili sheria, wala hatuitaki. Lakini maneno yamo mikononi mwetu, maana sisi ndio tunaowafundisha watoto kusema. Tusimfundishe mtoto kwamba wazazi wake “hawana ndoa”, kana kwamba nyumba aliyozaliwa ni kichaka. Tumwambie kwamba baba na mama wameoana, na kwamba safari yao ina hatua iliyobaki, nayo Kanisa lawangoja. Tuwafundishe vijana kwamba sakramenti haidai karamu. Tuwakumbushe wakwe kwamba deni la ng'ombe halimpi mzazi haki ya kumfungia binti yake njia ya altareni. Na mwanamke aliyemkimbia mume wa kumwua, tumpeleke kwa padre asikilizwe kabla hajahukumiwa.

Tulimfuata yule mtoto siku nyingine, tukamwambia: “Mama yako ameoa na kuolewa vema. Bado kufunga.” Akafikiri kidogo, akasema, “Basi nitamngoja.” Jumapili ile alipokea, akarudi benchini akakaa karibu na mama yake, akamshika mkono. Sisi tuliokuwa nyuma yao tuliona aibu, kwa kuwa mtoto alikuwa amelielewa neno “bado” kuliko sisi waalimu wake.