Jani Jekundu la Kangeta Lilivyoishinda Kamera

Leo tuache programu kidogo, tuongee majani.

Ulaya na Marekani wapiga picha husubiri msimu ambao majani hugeuka mekundu kisha yakapukutika. Kamusi huuita vuli. Lakini ukiwa Kangeta, kwenye barabara ya Meru kwenda Maua, vuli ni mvua, na mambo ni kinyume: jani la miraa huwa jekundu linapochipua, likikomaa ndipo linakuwa kijani. Kwa mkulima wa Igembe, wekundu huo ni pesa.

Juzi mjomba aliniomba nimpigie picha bunda moja amtumie mnunuzi. Nikapiga palepale chini ya miti. Picha ikatoka kahawia, jibu likaja: "Hii imenyauka." Jamani, ilikatwa asubuhi hiyo hiyo! Na miraa haingoji mabishano, maana nguvu yake hushuka ndani ya siku mbili hivi.

Nikaanza kuchimba. Kumbe nyekundu imesumbua kamera tangu mwanzo.

Mwaka 1861, James Clerk Maxwell alionyesha London picha ya rangi ya utepe, iliyopigwa na Thomas Sutton kupitia vichujio vya nyekundu, kijani na buluu. Ajabu ni kwamba kemikali za wakati huo hazikuiona nyekundu kabisa! Miaka 100 baadaye, mwaka 1961, watafiti wa Kodak walieleza siri hiyo: kitambaa chekundu kiliakisi pia mwanga wa urujuanimno, ukapenya kichujio na kuandika sahani. Maxwell alifaulu kwa bahati.

Mwaka 1873 Hermann Vogel wa Berlin aligundua kuwa ukitia rangi kwenye kemikali, sahani huanza kuona kijani. Nyekundu iliendelea kutoka nyeusi. Sahani za kuona rangi zote zilianza kuuzwa 1906, na filamu ya Kodachrome ikaja 1935.

Sasa tuje kwenye simu yako. Mwaka 1976 Bryce Bayer wa Kodak alipata hataza ya mpangilio ambao kamera nyingi za dijitali zinautumia hadi leo. Katika kila pikseli 4, 2 huona kijani, 1 nyekundu na 1 buluu, kwa sababu jicho letu husoma undani zaidi kwenye kijani. Kwa hiyo robo tu ya kihisi inaangalia wekundu wa miraa. Kisha faili la JPEG kwa kawaida hupunguza tena undani wa rangi ili liwe jepesi.

Ongeza kivuli cha shamba: mwanga uliochujwa na majani ni wa kijani, na simu hukisia vibaya nyeupe ni ipi. Ukikimbilia jua kali nalo, nyekundu hugonga 255, mwisho wa hesabu, na jani linakuwa doa lisilo na mishipa.

Dawa niliyoipata ni rahisi. Tulitoka kwenye uwazi, kwenye kivuli cha ukuta, nikaweka karatasi nyeupe kando ya bunda, nikashusha mwangaza kidogo. Baadaye nikarekebisha rangi hadi karatasi ikawa nyeupe kweli. Wekundu ukarudi.

Mjomba akatuma tena. Safari hii mnunuzi hakutaja kunyauka, aliuliza bei.

Haya wadau, mkipita Kangeta msisahau karatasi. Tuko pamoja.