Mahabusi wa Delmas na Kifungu cha Katiba

Wengi wanaoisimulia historia ya katiba ya Afrika Kusini, ambayo tangu ile ya muda ya mwaka 1993 ilikuwa ya kwanza duniani kuutaja bayana na kuuharimisha ubaguzi utokanao na mwelekeo wa kijinsia, huanza na mabaraza ya wanasheria. Lakini asili ya jambo hili, kwa rai yangu, imo gerezani.

Katika ghasia za kodi ya nyumba za mwaka 1984 alikamatwa Simon Nkoli, kijana wa Sebokeng, akashitakiwa uhaini pamoja na wenziwe 21 katika kesi iliyoitwa ya Delmas, ambayo mwisho wake ungeweza kuwa kitanzi. Humo kizuizini akawabainishia wenziwe kwamba yeye hupenda wanaume. Wakazuka miongoni mwao waliotaka ashitakiwe peke yake, wakichelea kwamba jina lake litazitia doa harakati nzima za kupinga ubaguzi wa rangi, na mjadala ukawa mkali, hata mwishowe wakaazimia kusimama pamoja. Yafaa tuutafakari uamuzi huo, maana haukutoka kwa watu walioketi kwa raha zao, bali kwa mahabusi waliokabiliwa na mauti. Na mmoja wao, Mosiuoa Lekota, baadaye alikiri kwamba waliokaa na Nkoli kifungoni hawakuweza tena, ulipowadia wakati wa kuandika katiba, kumnyima yeye na mfano wake haki waliyoidai kwa nafsi zao.

Nkoli aliachiwa huru, akaunda GLOW, chama cha kuwatetea wapenzi wa jinsia moja, na tarehe 13 Oktoba 1990 wakaandamana mjini Johannesburg watu mia kadhaa, wengine wamejifunika nyuso kwa mifuko ya karatasi wasije wakatambuliwa. Edwin Cameron, mwanasheria aliyekuja kuwa jaji, akaitia hoja yao katika lugha ya mahakama.

Walakini sheria peke yake isingetosha katika nchi ya watu washikao dini, ambako wapinzani walijenga hoja zao juu ya Biblia. Hapo ndipo ilipofaa sauti ya Desmond Tutu, Askofu Mkuu wa Cape Town, ambaye mwaka 1995 aliliandikia Bunge la Katiba risala ya kulisihi lisikiondoe kifungu kile. Na hoja aliyoishikilia hata uzeeni ilikuwa moja, kwamba kumwadhibu mtu kwa maumbile asiyojichagulia ni dhuluma ileile aliyoipinga ilipokuwa dhuluma ya rangi.

Tarehe 9 Oktoba 1998 Mahakama ya Katiba ilizibatilisha sheria za liwati, na aliyeiongoza Mahakama hiyo alikuwa Arthur Chaskalson, wakili aliyewatetea mahabusi wa Delmas. Nkoli aliidiriki hukumu hiyo, akafariki kwa Ukimwi tarehe 30 Novemba mwaka uo huo. Mwaka 2005 Jaji Albie Sachs, akiandika hukumu ya ndoa za watu wa jinsia moja, aliziheshimu itikadi za dini, lakini akakataa zifanywe mizani ya kuwapimia raia haki zao. Na mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya ndoa hizo bila ya kumlazimisha kasisi yeyote kuzifungisha.

Kanisa la Kianglikana halikufuata. Mpho, binti yake Tutu na kasisi kama babaye, alipooana na mwanamke Uholanzi mwishoni mwa mwaka 2015, ilimpasa kurejesha idhini yake ya ukasisi, kwa kuwa kanuni za Kanisa hilo huitambua ndoa ya mume na mke tu; naye baba, aliyekuwa ameliongoza Kanisa hilo kwa miaka 10, hakuwa na la kumpa ila radhi ya mzazi, akampa.