Alama ya Nyumba ya Baba



Karibu na Vanga yako magofu ya Vumba Kuu. Madiwani wake walikuwa na siwa, pembe kubwa iliyokuwa alama ya enzi yao. Huko Ulaya, katika karne ya 12, mashujaa wa vita walianza kuchora ngao zao wapate kutambulikana, na watoto wao wakairithi michoro hiyo. Hata Israeli, katika Hesabu 2, walipanga kambi kwa alama za nyumba za baba zao.

Je, asiye na siwa wala ngao? Katika Yohana 13:35 Yesu aliwapa wanafunzi wake alama isiyochorwa: kupendana. Mpendwa, jirani yako ataitambuaje nyumba ya Baba yako? Amina.