SHIMO, TUNDU NA UVUNGU
Historia fupi ya istilahi za umbo mango

Madhumuni ya makala haya ni kueleza asili na matumizi ya maneno matatu ambayo wafasiri wengi huyachukulia kuwa ni mamoja. Haja ya kuyatenganisha ni dhahiri huko Nyangoto, katika eneo la Nyamongo wilayani Tarime. Wachimbaji wadogo walikwisha kuchimba maduara yao katika eneo hilo kabla ya mgodi mkubwa wa dhahabu kuanza uzalishaji mwaka 2002. Mgodi huo ulianza kwa mashimo ya wazi, kama lile la Nyabirama. Mwaka 2015 uchimbaji wa chini ya ardhi ukaanza Gokona.

Shimo la wazi huonekana kwa macho. Duara la zamani ambalo mdomo wake umefukiwa halionekani. Lisipoingizwa katika umbo la mwamba lililohifadhiwa kwenye kompyuta, mwenye kupekecha mwamba baadaye huweza kutoboa mahali penye maji, au pasipo na kitu cha kukanyaga. Kwa hiyo mfasiri wa kanuni za usalama aandikaye “shimo” kila mahali humnyima mchimbaji habari anayoihitaji.

Elimu ya kuchora maumbo kwa kompyuta haina umri mkubwa. Mwaka 1963 Ivan Sutherland wa Marekani alionyesha namna ya kuchora mistari juu ya kioo cha kompyuta. Lakini mistari pekee haisemi wapi ni ndani na wapi ni nje. Katika miaka ya 1970 Ian Braid huko Cambridge, Uingereza, na Herbert Voelcker pamoja na Aristides Requicha huko Rochester, Marekani, walishughulikia tatizo hilo. Zikapatikana njia mbili kuu: kulieleza umbo kwa mipaka yake, au kulijenga kwa muungano, mwingiliano na tofauti ya maumbo sahili. Kwa njia ya kwanza, uvungu ni mpaka wa pili usiogusana na ule wa nje. Kwa njia ya pili, ni umbo dogo lililotolewa katika umbo kubwa.

Hesabu nayo huuonyesha uvungu. Mchemraba una vipeo 8, kingo 12 na nyuso 6; kwa kanuni ya Euler ya karne ya 18, 8 − 12 + 6 = 2. Tukiweka ndani yake uvungu wenye umbo la mchemraba mdogo, tunapata 16 − 24 + 12 = 4. Kwa nje hakuna kilichobadilika, lakini jumla imebadilika.

Sasa tuitazame lugha. Katika kamusi za zamani, mango ni jiwe gumu la mviringo la kupondea na kusugulia. Watunga istilahi za fizikia walilichukua neno hilo kutaja hali isiyo ya kimiminika wala ya gesi. Huenda mtu akauliza: kitu chenye uvungu kitaitwaje mango? Jibu ni kwamba katika jiometri umbo mango si lazima lijae. Lazima liwe na mpaka ulio wazi baina ya palipo na mada na pasipo nayo.

“Utupu” halifai, kwani lina maana ya uchi pia. “Ombwe” limekwisha kuchukuliwa na fizikia kwa mahali pasipo hata hewa, hali chumba cha mgodi huwa na hewa au maji. Uvungu hujulikana na kila mtu, ingawa ule wa kitanda uko wazi pembeni. Hapana budi maana yake ibanwe.

Tunapendekeza basi: shimo liwe lenye mdomo mmoja, tundu liwe lililotoboka toka upande hata upande, uvungu uwe uliozingirwa pande zote. Kwa kipimo hiki, duara likifukiwa mdomo na kuachwa tupu ndani, huacha kuwa shimo na kuwa uvungu, na hapo ndipo huhitaji kuandikwa zaidi. Wafasiri na walimu wanaombwa kuyajaribu maneno haya katika kazi zao na kutuletea maoni.