Taya la Kanam: Mfupa Unapotoa Ushahidi



Katika Suurat Yaasin tunafundishwa kwamba Siku ya Kiyama midomo itafungwa, na mikono na miguu itoe ushahidi. Kumbe hata hapa duniani mfupa unaweza kusema! Mtu aliyelala udongoni miaka maelfu, mifupa yake huonyesha aliugua nini, alivunjika wapi na alikula chakula gani. Elimu hii ina historia ndefu hapa hapa kwetu, na ina somo kwako wewe uliyefunga.

Ukitoka Migori ukapita Rongo hadi Homa Bay, kisha ukafuata njia ya Kendu Bay, utauona Mlima Homa. Chini yake, upande wa ziwani, ndipo Kanam. Machi 1932, Juma Gitau, mfanyakazi wa Louis Leakey, alipata hapo kipande cha taya la chini la binadamu. Leakey alifurahi mno. Alidai hilo ni taya la babu wa kale sana wa watu wa leo, na hoja yake kubwa ilikuwa kidevu, maana lilionekana kuwa na kidevu kama chako na changu. Mwaka 1933 wataalamu walikutana Cambridge, Uingereza, wakamkubalia.

Lakini taya lile lilikuwa na uvimbe wa mfupa kwa ndani, pale pale kidevuni. Madaktari wa wakati ule walisema ni saratani ya mfupa. Wengine baadaye wakasema hapana, taya lilivunjika, likaunga vibaya. Phillip Tobias wa Afrika Kusini alipolichunguza upya alionyesha kwamba umbo la kidevu lenyewe lilibadilishwa na ule uvimbe. Sasa jiulize: kile kilichoitwa alama ya babu yetu, huenda kilikuwa ni alama ya maradhi tu!

Kulikuwa na kasoro nyingine. Baadaye mtaalamu wa miamba, Percy Boswell, alikuja kuhakikisha. Leakey akashindwa kumwonyesha mahali penyewe. Vyuma alivyovichomeka kama alama vilikuwa vimeng'olewa na wenyeji, wakavitumia kwa shughuli zao za uvuvi. Kamera yake iliharibika, na picha aliyoitegemea ikagundulika ni ya mahali pengine. Mwaka 1935 Boswell aliandika hayo katika jarida la Nature, na heshima ya Leakey ikashuka vibaya. Wataalamu wa leo hawalihesabu taya hilo kuwa la kale kiasi alichodai.

Ndugu yangu, sisi Waislamu tunalielewa jambo hili kuliko wengi. Hadithi bila isnadi hatuipokei hivi hivi, hata ikiwa maneno yake ni matamu. Tunauliza: nani kasikia, kutoka kwa nani, wapi? Mfupa nao ni hivyo hivyo. Ukishapoteza mahali ulipotoka, ushahidi wake unakuwa dhaifu. Ndiyo maana huko Nyayanga, katika rasi hiyo hiyo ya Homa, watafiti waliotangaza matokeo yao mwaka 2023 waliandika mahali walipochimba vitu vyao.

Na Suurat Hujuraat inatuamrisha tuchunguze habari inapotufikia. Umefunga chakula, je, ulimi umeufunga? Leakey alikuwa msomi mkubwa, akaponzwa na haraka. Sisi tunaosambaza habari ya mtu bila kuhakikisha, tutasemaje?

Jambo la mwisho, nalo si mchezo. Wako waliosema uvimbe wa Kanam ulikuwa limfoma ya Burkitt. Ni saratani iliyopewa jina la daktari Denis Burkitt, aliyeieleza mwaka 1958 akifanya kazi Uganda. Huwashika zaidi watoto, na taya hili ni la mtu mzima, kwa hiyo mjadala haujaisha. Lakini ugonjwa wenyewe upo, na ukanda wetu huu wa ziwa wenye malaria nyingi unaufahamu. Taya la mtoto huvimba, meno hulegea, na uvimbe hukua kwa kasi. Usiseme ni jino tu, wala usiseme karogwa. Mpeleke hospitali mapema, maana unatibika kwa dawa, na watoto wengi hupona biidhnillah.

Na ukikuta mifupa unapolima au kuchimba choo, usiivunje wala kuitupa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mfupa wa maiti una heshima kama wa aliye hai. Iache pale pale, umwite chifu, na watu wa Makumbusho ya Taifa waarifiwe.

Allah atutakabalie funga zetu na awaponye wagonjwa wetu. Aamin. Wallahu a'lam.