Karafuu za Unguja na Pemba baada ya Tufani ya 1872

Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikaziangamiza merikebu za Sultani Barghash na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Msomaji wa Kolwezi, aliyezoea mahindi yapandwayo na kuvunwa ndani ya msimu mmoja, na azingatie kwamba mkarafuu huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Basi ukoo uliopoteza shamba haukukosa mavuno ya mwaka huo tu. Ulikosa ya miaka kadhaa, na deni kwa mkopeshaji, aghalabu Mhindi wa mjini, lilibaki palepale pamoja na ardhi iliyowekwa rehani.

Bei ilipopanda, walionufaika ni wenye mashamba wa Pemba. Waandishi wengi husikitikia miti na merikebu. Lakini waliopanda upya, wakachuma, wakachambua vikonyo na kuanika majamvini walikuwa hasa watumwa. Mkataba wa Juni 1873 ulipiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Hata hivyo magendo ya kwenda Pemba yaliendelea, kwani huko mikarafuu ilikuwa imesimama, nayo ilihitaji mikono.