Kongwe si kuukuu

Mtu wa Bunda akitaka kuuza singe ya zamani, ile ya kuchomekwa kwenye mdomo wa bunduki, hukimbilia neno moja: kuukuu. Hapo ameshajipunja. Kuukuu ni kitu kilichochoka, kama ndala ya mwaka juzi. Kongwe ni kitu kilichoishi muda mrefu, na huenda bado ni kizima. Singe ya askari wa Mjerumani, aliyetawala huku hadi Vita Kuu ya Kwanza, ina zaidi ya miaka 100. Ukongwe wake hauna ubishi. Ukuukuu ndio wa kukaguliwa.

Anza na ubapa. Kutu iliyotanda juu tu ni jambo moja. Kutu iliyokula chuma ikaacha vishimo ni jambo jingine kabisa, na neno “ina kutu” peke yake halimwambii mnunuzi lolote. Ncha ipo, au imekatika? Mpini una ufa? Ala imebonyea? Kama ala haipo, sema haipo (kunyamaza hapo ni kudanganya). Namba na mihuri iliyogongwa kwenye chuma inakiliwe ilivyo. Makali yakiwa yamepigwa tupa juzijuzi, andika “imenolewa upya”, maana kwa wakusanyaji hiyo ni hasara, si sifa.

Wasomaji wa Musoma na Butiama wenye vitu hivi, wekeni msasa chini kwanza. Waulizeni wahifadhi wa Makumbusho ya Mwalimu Nyerere pale Butiama.